Mtambo wa majitaka: harufu ya mayai viza, amonia isiyoshuka na tope linaloelea

Mwongozo huu ni wa mafundi na wasimamizi wa mitambo midogo ya majitaka hapa Mombasa: hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, majumba ya fleti, hospitali, viwanda vya samaki. Tumechukua lawama zinazosikika kila mara na kuzipanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida kinatangulia na cha nadra kinafuata.

Kwanza wajue wafanyakazi wako. Mahali pasipo hewa, bakteria kama Desulfovibrio huigeuza salfati iliyomo majini kuwa salfidi, na hapo ndipo penye uvundo. Kwenye tangi la hewa, Nitrosomonas huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha Nitrobacter na Nitrospira huimalizia kuwa nitrati. Kwenye tangi la kukoroga lisilo na hewa, kundi jingine huipumua nitrati badala ya oksijeni na kuiachia kama gesi ya nitrojeni, ambayo haina madhara. Wa mwisho ni Thiobacillus denitrificans, ambao hula salfidi huku wakipumua nitrati. Hao wanaondoa salfidi na nitrojeni kwa mpigo mmoja, na mitambo mingi inayo nitrati ya kuwalisha ila inaimwaga bure.

Usinunue pakiti ya unga wa bakteria kabla ya kupima. Bakteria unaowahitaji tayari wamo kwenye tope lako, na wakishindwa kazi ujue wamekosa kitu: hewa, ualkali (uwezo wa maji kuzimua asidi), muda au chakula. Wageni uliowamwaga leo watakuta shida ile ile na kufa kwa shida ile ile.

Vifaa vya kupimia

Uwe na mita ya oksijeni, mita ya pH, mita ya upitishaji umeme, vipande vya kupimia amonia, nitriti, nitrati na klorini, kipimo cha ualkali cha matone, silinda ya kioo ya lita 1, na kipimo cha gesi kinachovaliwa kifuani. Cha mwisho si cha hiari.

Mambo mawili huwapoteza wengi. Vipande vingi vya nitrati husoma na nitriti humo humo, kwa hiyo pima zote mbili kabla ya kuamua. Pia maji ya chumvi huharibu kipimo cha COD, yaani oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali: kloridi ikipita miligramu 2,000 kwa lita, namba inayotoka maabara huwa kubwa kuliko ukweli, usipowaambia mapema kwamba sampuli ina chumvi.

ONYO KABLA YA KUFUNUA CHEMBA YOYOTE

Hidrojeni salfaidi, yaani salfidi ikiwa gesi, ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini ya chemba na visima vya pampu. Pua huinusa hata ikiwa chini ya ppm 1 (sehemu moja kwa milioni ya hewa), lakini ikifika kama ppm 100 pua hufa ganzi na mtu hudhani gesi imekwisha. Ikifika ppm 500, mtu huanguka ndani ya dakika chache; ikipita ppm 700, huanguka kwa pumzi chache. Maafa mengi ya mashimo huua zaidi ya mtu mmoja, kwa sababu wa pili hujitosa kumuokoa wa kwanza.

- Kipimo kikilia kwa ppm 10, ondoka, ukae upande upepo unakotoka.
- Hakuna kuingia shimoni bila kibali cha maandishi, kipimo cha gesi kilichoteremshwa kwa kamba hadi chini, feni ya kupuliza hewa safi, mkanda wa kuokolea uliofungwa kwenye winchi, na mtu wa juu asiyebanduka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inalibana jambo hili. Kama huna hivyo vyote, kazi si yako; ita kampuni yenye vifaa.
- Mwenzako akianguka ndani, usishuke. Mvute kwa winchi, piga 999 au 112.
- Usimwage asidi ya kuzibua mabomba kwenye maji yanayonuka. Kwenye pH 7 karibu nusu ya salfidi iko katika umbo la gesi. Kwenye pH 6 ni karibu sehemu tisa kwa kumi. Asidi hiyo huitoa gesi yote kwa mara moja.

## Dalili ya 1: Harufu ya mayai viza kwenye chemba, kisima cha pampu au mlango wa mtambo

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote Pwani, na joto letu linachangia: maji ya nyuzi 28 hadi 30 huoza upesi.

Maji yanakaa mno. Kisima cha pampu kilichojengewa hoteli iliyojaa, hoteli ikiwa na wageni wachache mwezi wa tano, hushikilia maji kutwa nzima. Hesabu: ujazo wa maji kati ya boya la kuwasha na boya la kuzima, gawanya kwa mtiririko wa saa moja. Jibu likipita saa 2, teremsha boya la kuwasha ili pampu iwake mara nyingi na kwa muda mfupi. Hakikisha tu kwamba haizidishi idadi ya kuwaka kwa saa iliyoandikwa kwenye kibao chake, usije ukaunguza mota. Kwa bomba refu la kusukumia, suuza mara moja kwa siku kwa mtiririko mkubwa.

Mafuta na mchanga. Utando mgumu wa mafuta juu na mchanga mweusi chini ndio makazi ya wanaotengeneza salfidi. Kagua mtego wa mafuta wa jikoni kila wiki. Ukikuta mafuta yamefika robo ya kina, uondolewe uchafu siku hiyo. Kisima cha pampu kisafishwe kwa lori la kunyonya, mfanyakazi akiwa juu. Kukoroga tope la zamani hufumua gesi nyingi kwa ghafla, basi mwanzo wa kunyonya ndio wakati wa hatari kuliko yote.

Maji ya bahari yanaingia. Hiki ni chanzo ambacho fundi aliyesomea bara hatakiwaza. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani miligramu 2,700 za salfati. Mabomba ya ufukweni yenye nyufa yakipenyeza maji ya bahari hata asilimia 5 tu, umeongeza kama miligramu 135 za salfati kwa lita, na ikigeuzwa yote ni miligramu 45 za salfidi. Mtambo mdogo hauwezi mzigo huo.

Kuipima ni rahisi. Chukua sampuli ya maji yanayoingia wakati bahari imejaa na nyingine wakati imekupwa, siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pima upitishaji umeme. Kama maji kujaa yanapandisha namba kwa maelfu ya mikrosimensi na maji kupwa yanaishusha, bomba lako lina ufa. Rudia siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana: tofauti ikipungua, umepata uhakika. Kisha fuatilia chemba kwa chemba kutoka ufukweni kurudi juu, mpaka ukute chemba mbili zinazofuatana, moja ikiwa na maji ya chumvi na nyingine haina. Ufa uko kati ya hizo mbili.

Namba ikiwa juu saa zote bila kufuata bahari, angalia kisima chenu cha maji. Visima vingi vya ukanda wa matumbawe vina chumvi. Au kuna mtu anamwaga kwenye mfereji wa maji machafu maji makali ya chumvi yanayobaki kwenye mashine ya kusafishia maji ya bahari, jambo lisilofaa kabisa.

Malori yanayomwaga uchafu wa matangi ya zamani. Tope la tangi lililokaa miaka lina salfidi tele. Limwage kidogo kidogo kutoka tangi la akiba. Usilipokee lori zima kwa pigo moja.

*Tiba ya kina zaidi.* Vyanzo hivyo vikishashughulikiwa na harufu bado ipo, tumia nitrati. Kila gramu 1 ya salfidi inahitaji walau gramu 0.7 za nitrojeni ya nitrati ili Thiobacillus waigeuze yote kuwa salfati.

Tuseme maji ni mita za ujazo 200 kwa siku na salfidi ni miligramu 15 kwa lita. Hiyo ni kilo 3 za salfidi, basi nitrojeni ya nitrati ni kilo 2.1. Mbolea ya kalsiamu nitrati ya duka la pembejeo ina takribani asilimia 14.4 ya nitrojeni katika umbo la nitrati, kwa hiyo unahitaji kama kilo 15 kwa siku. Iyeyushe kwenye pipa na itie kwa pampu ya matone mwanzo wa bomba. Ukiitia mwishoni, bakteria hawatakuwa na muda. Bakteria wengine nao wataila, hivyo ongeza polepole mpaka mwisho wa bomba ubaki na miligramu 1 hadi 2 za nitrati. Zaidi ya hapo unatupa pesa.

Kuna njia ya bei nafuu zaidi. Kama mtambo wako unatoa maji yenye nitrati, rudisha sehemu yake kwenye kisima cha pampu cha mwanzo. Maji yenye miligramu 20 za nitrojeni ya nitrati, yakirudishwa kwa kiasi sawa na yanayoingia, yanatosha kumaliza salfidi ya miligramu 28 kwa lita. Unapunguza nitrojeni ya mwisho na harufu ya mwanzo kwa bomba moja na pampu ndogo. Ila hakikisha pampu kuu zinahimili mtiririko ulioongezeka, na maji yanayorudi yasiwe yametiwa klorini.

Simamisha kazi na uite mtaalamu kama zege la juu ya usawa wa maji limelainika kama jibini. Karatasi ya pH ikigusishwa kwenye zege hilo likiwa bichi husoma 1 au 2: bakteria Acidithiobacillus wamegeuza gesi kuwa asidi ya salfuriki. Kwaruza kwa bisibisi kutoka nje. Ikizama zaidi ya sentimita moja, au ukiona nondo, usiruhusu gari wala mtu kupita juu ya mfuniko huo mpaka mhandisi wa majengo aikague.

## Dalili ya 2: Kichujio cha harufu kimeacha kufanya kazi

Kinachozungumziwa ni sanduku la makumbi ya nazi, mboji au makombe ya baharini ambalo hewa ya chemba hupitishwa ndani yake.

Aghalabu kimekauka. Shika konzi ya makumbi na uifinye: inatakiwa kulowesha kiganja bila kuchuruzika, unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Wakati wa kaskazi, vinyunyizio vinahitaji kufunguliwa mara nyingi zaidi. Kama unyevu upo, pima pH ya maji yanayotoka chini. Ikishuka hadi 2, wanaokula salfidi bado wapo kazini, lakini harufu nyingine zinapita na makumbi yanaoza. Suuza kwa maji mengi, kisha changanya makombe yaliyovunjwa. Chokaa yake huzimua asidi. Mwisho angalia kama makumbi yamelala na hewa inapita pembeni tu. Hewa ikae ndani sekunde 30 hadi 60. Chini ya hapo, sanduku ni dogo.

## Dalili ya 3: Amonia haishuki

BOD (oksijeni ambayo bakteria huhitaji kula uchafu) iko sawa, maji ni maangavu, lakini amonia ya kutokea inakaribiana na ya kuingilia. Wanaokula amonia hukua taratibu na huumia kabla ya wengine wote, kwa hiyo mara nyingi wao ndio wa kwanza kukupa habari mbaya.

Hewa haitoshi. Kilo 1 ya nitrojeni ya amonia hula kilo 4.57 za oksijeni. Mtambo wa mita za ujazo 100 kwa siku wenye miligramu 50 za amonia kwa lita unahitaji karibu kilo 23 za oksijeni kwa siku kwa ajili ya nitrojeni peke yake, achilia mbali BOD. Pima oksijeni katikati ya tangi saa ambazo vyumba vyote vinaoga, asubuhi na jioni. Chini ya miligramu 2 kwa lita, chanzo ni hiki.

Anza na mepesi. Safisha kichwa cha mita kwanza, kisha kilinganishe hewani. Angalia kichujio cha blowa (mashine ya kupuliza hewa), vumbi na chumvi ya bahari hukiziba. Angalia mkanda kama umelegea. Kisha soma presha: tangi lenye maji ya mita 4 linahitaji kama baa 0.4 kwa kina chake, na zaidi kidogo kwa msuguano. Ikisoma 0.55 na kuendelea, difyuza (vitoa mapovu vya chini ya tangi) zimeziba. Ikiwa presha imeshuka na mahali fulani maji yanachemka kwa mapovu makubwa, mpira wa difyuza umechanika na hewa yote inakimbilia hapo.

Ualkali umekwisha na pH imeporomoka. Kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia hula gramu 7.14 za ualkali. Miligramu 50 za amonia zinataka ualkali wa 357, na mwishoni zibaki 80 hadi 100 za akiba. pH ikishuka chini ya 6.5, wanaokula amonia hupunguza kasi sana.

Hapa kuna mtego wa Pwani. Maji ya kisima cha matumbawe huja na ualkali wake kutoka kwenye mawe ya chokaa. Hoteli ikihamia maji yaliyochujwa chumvi kwa mashine, ualkali unaondoka pamoja na chumvi. Wiki kadhaa baadaye mtambo unadorora na hakuna anayeikumbuka ile mashine. Muulize mhandisi wa maji safi kama kuna kilichobadilika.

Kipimo cha kutia: kila kilo 1 ya ualkali inayokosekana, tia kilo 1.68 za sodiamu bikaboneti, au kilo 1.06 za magadi ya kiwandani, au kilo 0.74 za chokaa iliyozimwa. Mtambo wa mita za ujazo 100 wenye upungufu wa miligramu 100 kwa lita unahitaji kilo 10 za ualkali kwa siku, yaani kama kilo 10.6 za magadi ya kiwandani. Yagawe mara tatu au nne kwa siku. Chokaa ni rahisi kwa bei lakini huunguza macho na huweza kurusha pH juu ya 9, kwa hiyo vaa miwani na usiimwage kwa gunia. Kumbuka pia kwamba tangi la kukoroga lisilo na hewa likifanya kazi vizuri hukurudishia gramu 3.57 za ualkali kwa kila gramu ya nitrojeni iliyoondolewa. Lirekebishe hilo kabla ya kununua magunia.

Tope linatolewa mno. Tangi la mita za ujazo 150 lenye tope la miligramu 3,500 kwa lita lina kilo 525. Ukitoa mita za ujazo 5 za tope zito la miligramu 8,000 kwa lita kila siku, unatoa kilo 40, na umri wa tope (kilo zilizomo gawanya kwa kilo zinazotoka kwa siku) ni siku 13. Ukitoa mita za ujazo 15, umri unashuka hadi siku 4 na kitu, na wanaokula amonia huweza kuondoka haraka kuliko wanavyozaana. Kwa joto letu lenga siku 10 hadi 15. Usikae wiki bila kutoa tope kisha utoe lori tatu Ijumaa.

Sumu. Dawa za kupaushia mashuka na dawa za kuua vijidudu ndizo zinazoongoza. Shika kipande cha klorini kwenye chemba ya dobi wakati mashine zinapomwaga. Ukiona rangi, zungumza na msimamizi wa dobi wapime dawa, na jenga tangi la kusawazisha. Salfidi yenyewe ni sumu kwa wanaokula amonia, hata miligramu chache kwa lita. Ndiyo maana Dalili ya 1 isipotibiwa, hii haiponi. Baada ya sumu kukatwa, wape wiki 1 hadi 3.

Msimu. Hoteli ikitoka kwenye uchache wa mwezi wa sita hadi kujaa mwezi wa nane, amonia inaongezeka kabla bakteria hawajaongezeka. Wiki tatu kabla ya wageni, punguza kutoa tope na uwalishe mbolea ya urea, ukianza kidogo na kuongeza asilimia 10 hadi 20 kila siku huku ukipima. Kilo 1 ya urea ni kilo 0.46 za nitrojeni. Amonia ikianza kubaki kwenye maji ya mwisho, simama palipo mpaka ishuke.

Chumvi inayopanda na kushuka. Bakteria huzoea chumvi ikiwa tulivu. Ikiyumba kila bamvua, hawazoei kamwe. Rudi kwenye ufa wa bomba.

Ita mtaalamu kama hewa, ualkali, umri wa tope na klorini vyote viko sawa na baada ya wiki 3 amonia haijashuka. Hapo kunahitajika kipimo cha maabara cha sumu za viwandani.

## Dalili ya 4: Amonia imeshuka, nitrati iko juu

Bahari inayopokea maji yetu, tangu mkondo wa Tudor hadi miamba ya hifadhi ya bahari mbele ya Nyali na Bamburi, haitofautishi amonia na nitrati. Zote mbili hulisha mwani unaofunika matumbawe. Usiridhike na nusu ya kazi.

Angalia kwanza kikorogeo cha tangi lisilo na hewa, kama kinazunguka na hakijanasa vitambaa. Kisha pima oksijeni ndani ya tangi hilo. Ikipita miligramu 0.5 kwa lita, bakteria wanapumua oksijeni na kuiacha nitrati. Kosa huwa ni blowa inayorusha hewa nyingi kupita kiasi karibu na bomba la kurudishia, au maji yanayoanguka kwa kishindo. Punguza hewa mwisho wa tangi la hewa hadi 1.5 au 2, na uzamishe mdomo wa bomba.

Baadaye hesabu marejeo, yaani maji na tope vinavyorudishwa kwenye tangi hilo lisilo na hewa. Kama maji yote yanayorudi ni mara 3 ya yanayoingia, uondoaji mkubwa unaowezekana ni asilimia 75. Kama ni mara 1 tu, ni asilimia 50, hata bakteria wawe hodari vipi.

Marejeo yakiwa mazuri na nitrati bado inabaki, chakula hakitoshi. Uwiano wa BOD kwa nitrojeni unaoingia uwe kama 4 kwa 1. Mitambo inayotanguliwa na matangi makubwa ya kutulia huwa imepoteza BOD yake huko. Pitisha sehemu ya maji ghafi moja kwa moja, au tia molasi kidogo kidogo ukianza na kilo 3 kwa kilo 1 ya nitrojeni, ukiangalia nitrati na BOD ya mwisho pamoja. Molasi ikizidi, BOD inapanda na tope linaharibika.

Pasipo na chakula, kitanda cha salfa hufaa: punje za salfa za milimita 2 hadi 5 zilizochanganywa na kokoto za matumbawe au chokaa kwa ujazo sawa, maji yakipanda kutoka chini kwa saa chache. Thiobacillus hula salfa na kupumua nitrati. Kokoto huzimua asidi wanayotoa.

- Nitrati inapita: katika wiki 2 hadi 4 za mwanzo ni kawaida. Baada ya hapo, angalia oksijeni inayoingia na njia za mkato ndani ya kitanda.
- pH ya kutokea iko chini ya 6.5: kokoto zimekwisha, ongeza.
- Mtiririko unapungua: gesi ya nitrojeni imekwama. Suuza kwa maji kwenda juu mara moja kwa wiki.
- Kitanda kinanuka mayai viza: nitrati imekwisha kabla maji hayajatoka. Ongeza kasi ya maji.

Kila gramu 1 ya nitrojeni inayoondolewa hapo hutoa kama gramu 7.5 za salfati. Maji hayo yasiingizwe tena kwenye tangi lisilo na hewa au bomba refu lililojaa, ama utakuwa umetengeneza Dalili ya 1 kwa mikono yako. Na punje za salfa zihifadhiwe mbali na moto na klorini.

## Dalili ya 5: Tope linaelea kwenye tangi la kutulia

Jaza silinda ya lita 1 kwa maji ya tangi la hewa na uiache kivulini. Usiitikise.

Likitulia vizuri ndani ya dakika 30, kisha baada ya saa moja au mbili vipande vikaanza kupanda na vipovu vidogo vimeshikamana navyo, ni nitrati inayogeuka gesi mahali pasipotakiwa. Ongeza kasi ya pampu ya kurudisha tope, lisikae chini zaidi ya saa moja au mbili, kisha rudi Dalili ya 4.

Lisipotulia hata baada ya dakika 30, gawa mililita ulizosoma kwa gramu za tope kwa lita. Jibu likipita 150, nyuzi za bakteria zimetawala. Angalia ukingo wa kumwagikia maji: nyuzi nyeupe, laini, zinazopepea na maji, huenda ni Thiothrix au Beggiatoa, ambazo hupenda salfidi. Chanzo chake kiko kwenye maji yanayooza kabla ya kufika. Klorini ya kuua nyuzi hizo huua pia wanaokula amonia, kwa hiyo isitiwe bila mtu anayejua kipimo chake.

## Dalili ya 6: Klorini ya mwisho inaisha mara tu inapotiwa

Pima nitriti. Miligramu 1 ya nitrojeni ya nitriti hula miligramu 5 za klorini. Nitriti ikiwepo, hatua ya pili, ya kugeuza nitriti kuwa nitrati, haijakamilika: oksijeni ndogo, pH iliyoyumba, au bakteria wanaorejea baada ya sumu. Usiongeze klorini, ongeza hewa.

## Baada ya stima kupotea

Chini ya saa 4, washa blowa na uendelee. Ikiwa saa nyingi na tope limekuwa jeusi, fungua hewa kwanza kwa saa 2 au 3 kabla ya kuruhusu maji mapya, watu wakiwa mbali kwa kuwa gesi hufumuka. Tope likirejea rangi ya kahawia na harufu ya udongo uliolowa, ruhusu maji kwa nusu ya mtiririko siku ya kwanza. Ikipita siku mbili bila hewa, omba tope la mtambo jirani ulio mzima, usiopokea kemikali: asilimia 5 hadi 10 ya ujazo wa tangi lako, lisafirishwe asubuhi na limwagwe kabla ya adhuhuri. Na kama maji ya mwisho yanatoka machafu wakati huo, yaelekeze kwenye tangi la akiba au kwa lori, umjulishe aliyekupa leseni ya kumwaga, kabla hayajafika ufukweni.